Tiba ya Kiwewe kwa Wanaume Weusi na Familia za Wanajeshi Nchini Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wenye mume, kaka, mtoto au baba aliyetumikia jeshi la Marekani, na kwa wanaume wenyewe. Wapo waliozaliwa huko, na wapo waliotoka Mombasa, Arusha, Bukavu au Bujumbura wakavaa sare ya nchi iliyowapokea. Mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye ujuzi wa lugha, MAVNI, ulioanza mwaka 2009 na kusimamishwa mwaka 2016, ulikitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zilizokuwa zikitafutwa.

## Mambo ya msingi

1. Kiwewe ni nini, na kinatofautianaje na huzuni au uchovu wa kawaida?

Kiwewe ni jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtu kupitia au kushuhudia jambo la kutisha: kifo, hatari ya kifo, kujeruhiwa vibaya, au ukatili wa kingono. Katika siku na wiki za mwanzo, karibu kila mtu hukosa usingizi na kushtuka-shtuka, na wengi hupata nafuu bila kumwona daktari. Dalili zinapopita mwezi mmoja na kuanza kuharibu kazi, ndoa au usingizi, ndipo madaktari huanza kuchunguza maradhi yanayojulikana kwa herufi PTSD. Yaliingizwa katika mwongozo rasmi wa maradhi ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa vita vya Vietnam na wataalamu waliosimama nao kudai kwa miaka kwamba kilichokuwa kikiwasumbua si udhaifu wa tabia.

Dalili zake hujipanga katika makundi manne. Jambo lililopita hurudi bila kualikwa, kwa ndoto mbaya au kwa picha zinazomjia mtu mchana kweupe. Mtu huyakwepa yote yanayomkumbusha. Mawazo na hisia zake hubadilika, hata asiweze kufurahia harusi ya mwanawe mwenyewe. Na mwili hukaa macho muda wote, kama mlinzi asiyepata wa kumpokea zamu.

2. Je, maana yake mume wangu ana wazimu?

Hapana. Mwenye PTSD anajua alipo na yeye ni nani. Mwili wake ndio uliojifunza kuishi vitani na haujapata taarifa kwamba vita vimekwisha. Neno "wazimu" limewazuia wanaume wengi wa kwetu kufika hospitali, na ni vyema lisitumike nyumbani hata kwa mzaha.

3. Tiba inayozingatia utamaduni ni tiba ya namna gani?

Ni tiba ileile iliyothibitishwa kwa utafiti, ikitolewa na mtu aliyejifunza kuuliza kabla ya kudhani. Mtaalamu hupokea maelezo ya mgonjwa kwa lugha ya mgonjwa: anayesema "roho inakwenda mbio" au "kichwa kinajaa" hasahihishwi ili aseme "nina wasiwasi". Huuliza mgonjwa anaamini shida yake ilitokana na nini, nani nyumbani ana sauti juu ya matibabu, dini ina nafasi gani, na ni mambo gani ya ubaguzi yaliyomkuta, jeshini na nje ya jeshi.

Jambo hili halitegemei hisani ya mtaalamu pekee. Mwongozo wa maradhi ya akili uliotolewa mwaka 2013 una mahojiano ya maswali 16 yaliyotungwa kwa kazi hiyohiyo, na mtaalamu yeyote aliyehitimu anaweza kuyatumia. Wengi hawayatumii. Ni halali kabisa kumwomba afanye hivyo.

4. Kwa nini wanaume Weusi wazungumziwe peke yao? Risasi haichagui rangi.

Risasi haichagui, lakini anayepelekwa zinakopigwa huchaguliwa. Utafiti mkubwa ulioagizwa na Bunge la Marekani kuhusu maveterani wa Vietnam, uliokamilika mwaka 1988, ulikuta PTSD kwa asilimia 13.7 ya wanaume Wazungu, asilimia 20.6 ya Weusi, na asilimia 27.9 ya wenye asili ya Kihispania. Watafiti walipowalinganisha wanaume waliokumbana na mapigano ya kiwango kimoja, tofauti kati ya Weusi na Wazungu ilitoweka kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo Weusi hawakuwa dhaifu zaidi. Walikuwa wamebebeshwa zaidi.

Kisha kuna kilichowangoja nyumbani. Februari 1946, Sajini Isaac Woodard, aliyekuwa ameachishwa jeshi kwa heshima saa chache tu kabla, alishushwa kwenye basi huko South Carolina akiwa bado na sare yake, akapigwa na polisi mpaka akapofuka macho yote mawili. Mkuu wa polisi aliyeshtakiwa aliachiliwa na baraza la wazee wa mahakama. Tukio hilo lilimgusa sana Rais Truman, ambaye mwaka 1948 alitoa amri namba 9981 ya kukomesha ubaguzi katika majeshi. Katika familia nyingi za Wamarekani Weusi, babu aliyerudi vitani akakutana na mambo ya namna hiyo si historia ya vitabuni. Ni mtu aliyekuwa akikaa barazani bila kusema neno.

Hospitali nazo zina yao. Kati ya mwaka 1932 na 1972, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende, bila kuwaeleza ukweli wa ugonjwa wao, na bila kuwapa penisilini hata ilipokuwa imekwisha kuwa dawa ya kawaida. Hadi leo Wamarekani Weusi hupewa jina la skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, zaidi ya mara mbili kuliko Wazungu, na sehemu ya sababu ni kwamba uangalifu wao na shaka yao husomwa kama ugonjwa. Mwanamume anayesita mlangoni pa kliniki ana sababu za kusita, na mtaalamu asiyezijua ataiita hali hiyo "ukaidi" na kuiandika kwenye faili.

5. Na sisi tuliotoka Afrika Mashariki, historia hiyo inatuhusu?

Inawahusu kwa njia mbili. Polisi anayekusimamisha barabarani usiku haulizi kama babu yako alikuwa Alabama au Kisumu. Lakini mtaalamu naye hapaswi kukuchukulia kana kwamba wewe na Mmarekani Mweusi ni kitu kimoja: wewe una uhamiaji, makaratasi, jamaa wanaosubiri fedha, na pengine vita vingine kabla ya hivi (tazama swali la 20).

## Tiba yenyewe

6. Mtaalamu atamfanyia nini hasa?

Mwongozo wa pamoja wa Wizara ya Ulinzi na Idara ya Masuala ya Maveterani, ambayo watu huiita VA, uliotolewa mwaka 2023, unapendekeza mbele ya yote tiba tatu za mazungumzo. Ya kwanza huchunguza imani zilizokwama baada ya tukio, kama "ni kosa langu kwamba Koplo alikufa", kwa muda wa vikao 12 hivi vyenye kazi ya kuandika nyumbani. Ilibuniwa na Patricia Resick na hujulikana kwa herufi CPT. Ya pili, iliyotokana na kazi ya Edna Foa, humfanya mtu asimulie tukio mara nyingi na kuviendea polepole vitu anavyovikwepa, kwa vikao kati ya 8 na 15. Hiyo ndiyo PE. Ya tatu ni EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ambamo mgonjwa hukumbuka tukio huku macho yake yakifuata mwendo wa kulia na kushoto.

Hakuna kati ya hizi inayochukua miaka. Mtu aliyekwenda kwa mshauri mwaka mzima wakizungumza habari za wiki iliyopita bila mpango wowote ana haki ya kuuliza kama anachopewa ni tiba ya kiwewe.

7. Mtaalamu husema "fikra zako zimekwama." Je, kama hatari ni ya kweli?

Hili ndilo swali ambalo tiba nyingi hujikwaa kwalo. Chukua mfano wa mwanamume Mweusi aliyetoka Iraq, ambaye kila anapoona gari la polisi nyuma yake mikono hulowa jasho na macho huanza kutafuta njia za kutokea. Kwa mtaalamu wa haraka, hiyo ni dalili: hatari ilikuwa Iraq, na hapa ni barabara ya mjini tu. Kwa mgonjwa, huo ni ujuzi aliofundishwa na mama yake akiwa na miaka kumi, miaka mingi kabla hajaiona Iraq. Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Akilazimishwa kukubali kwamba hofu yake yote ni kosa la fikra, mgonjwa huamua kwamba huyu mtu haishi Marekani anayoishi yeye, na kikao kinachofuata haji.

Mtaalamu mzuri hutenganisha mambo mawili yaliyofungwa pamoja. Tahadhari yenye kipimo hubaki: kuweka mikono juu ya usukani, kusema polepole, kufahamu haki zako. Kinachotibiwa ni ile ziada, yaani moyo unaoendelea kwenda mbio saa tatu baada ya gari kupita, kuacha kuendesha kabisa, kumkataza mtoto wa kiume asitoke nje. Imani kama "hakuna polisi hata mmoja wa kuaminika" huweza kuchunguzwa bila dharau, kwa kuuliza imejengwa na matukio gani, inamlinda mgonjwa wapi, na inamgharimu wapi. Jibu likiwa kwamba mahali fulani inamlinda kweli, liachwe hivyo.

Wanasaikolojia wameliandikia jambo hili. Robert Carter mwaka 2007 alieleza majeraha yatokanayo na ubaguzi kuwa msongo unaoweza kupimwa, na Monnica Williams pamoja na wenzake wametengeneza maswali ya kuyachunguza kwa mpangilio. Ubaguzi peke yake, bila tishio la maisha au la mwili, hautoshi kumpa mtu jina la PTSD kwa mujibu wa mwongozo wa sasa; lakini maumivu yake yanastahili kutibiwa hata yasipopewa jina hilo.

8. Je, lazima mtaalamu awe Mweusi?

Si lazima, na kwa hesabu ya kawaida itakuwa vigumu: mwaka 2015 Weusi walikuwa karibu asilimia 4 tu ya wanasaikolojia wote wa Marekani. Wapo wanaume wanaofunguka mbele ya mtu wa rangi yao na si kwingine, na ombi hilo ni la haki. Lakini rangi haitoshi. Mtaalamu Mweusi asiyejua tofauti ya sajini na luteni anaweza kumchosha veterani kwa maswali, na mtaalamu Mzungu aliyewahi kuvaa sare anaweza kueleweka mara moja. Kwa wanaume wetu kuna jingine ambalo husemwa chini ya pumzi: baadhi huogopa mtaalamu Mswahili mwenzao kuliko mgeni, kwa sababu mji ni mdogo na kanisa au msikiti ni mmoja.

9. Siku ya kwanza nimuulize nini?

Muulize ametibu wanajeshi wangapi, anatumia tiba gani kati ya zile za swali la 6, na atajuaje kwamba inafanya kazi. Kisha muulize jambo moja zaidi: "Mgonjwa akikueleza kwamba alibaguliwa, wewe hufanya nini?" Anayejibu kwa utulivu, hata kwa kukiri kwamba bado anajifunza, anafaa kupewa nafasi. Anayekimbilia kusema kwamba yeye haoni rangi, mshukuru na utafute mwingine.

10. Dawa zinasaidia?

Zinasaidia baadhi ya watu. Mwongozo wa 2023 unataja sertraline, paroxetine na venlafaxine. Unaonya dhidi ya dawa za kutuliza za jamii ya diazepam kwa tiba ya PTSD, hata kama zinaleta usingizi usiku wa kwanza. Pombe hufanya kazi ileile, na kwa madhara zaidi. Daktari aelezwe bila kufichwa kiasi cha pombe anachokunywa mgonjwa.

11. Sheikh au mchungaji hatoshi?

Kwa mengi anatosha, na tiba nzuri haimng'oi mtu kwenye dini yake. Mwanamume aliyezoea kusali na sasa hawezi kuinua mikono anahitaji kiongozi wa dini atakayekaa naye bila kumhukumu. Ila ndoto mbaya za kila usiku na kushtuka-shtuka ni kazi ya mtaalamu, na wawili hao wanaweza kwenda sambamba. Jeshini, kasisi au imamu wa jeshi ana nafasi ya pekee katika suala la siri (tazama swali la 15).

12. Kinachomsumbua si alichofanyiwa bali alichokifanya. Je, hiyo pia inatibika?

Hali hiyo huitwa jeraha la dhamiri, na daktari Jonathan Shay aliyewatibu maveterani wa Vietnam mjini Boston ni miongoni mwa waliolieleza mapema. Hofu si kiini chake. Kiini ni aibu, hatia, au hasira kwa wakubwa waliosaliti. Huenda alifyatua risasi kwenye kizuizi cha barabarani na ndani ya gari mlikuwa na watoto. Kumwambia "haikuwa kosa lako" haraka-haraka humfunga mdomo, kwa kuwa anajua alichokiona. Anahitaji mtu atakayesikiliza hadi mwisho, kisha wapime pamoja alijua nini wakati ule na alikuwa na uwezo gani wa kuchagua. Baadaye huja swali la kufidia: sadaka, kazi ya kujitolea, barua ambayo pengine haitatumwa.

Kwa mwanamume Mweusi kunaweza kuwa na tabaka jingine, la kuambiwa avunje milango ya watu maskini wenye ngozi kama yake kwa niaba ya nchi ambayo nyumbani ilivunja ya kwao. Si kila mmoja huwaza hivyo. Mtaalamu asilipandikize wazo hilo, lakini likitajwa asilikwepe.

## Nyumbani

13. Mume wangu hataki kabisa kwenda. Nimefanya kila njia.

Anza na jambo analolilalamikia mwenyewe. Wanaume wachache sana hukubali kwamba "wana kiwewe", lakini wengi hukubali kwamba hawalali, au mgongo unauma, au wamechoka kugombana na mkuu wa kazi. Kwenda kwa daktari wa kawaida kwa ajili ya usingizi ni mlango halali wa kuingilia. Methali ya mficha maradhi ni ya kweli, ila kumsomea mtu ambaye hajalala siku tatu ni kumwongezea mzigo.

Usimwambie kwamba hana uanaume. Usimwambie pia kwamba uanaume ndio tatizo lake. Kujikaza kulimrudisha nyumbani akiwa hai. Lugha inayopita vizuri kwa wanajeshi ni ile ya kazi: mwili umekaa zamu muda mrefu na unahitaji matengenezo kama kifaa chochote kilichotoka uwanjani. Veterani mwenzake aliyekwisha kutibiwa ana uzito kuliko wewe na mama mkwe mkiunganishwa. Ukimfahamu mmoja, waalike wote wawili kwa nyama choma na wewe ujishughulishe jikoni.

Akiendelea kukataa, nenda wewe. Vituo vinavyoitwa Vet Center, vilivyoanzishwa mwaka 1979 na kutengwa na hospitali za VA, huhudumia wenye sifa pamoja na familia zao, na programu ya simu ya bure iitwayo PTSD Coach inaweza kutumiwa na yeyote bila kujiandikisha. Mke anayejua namna ya kujibu ndoto mbaya na hasira hubadilisha hewa ya nyumba hata kabla mume hajakubali.

Na usiku anapopiga kelele, usimtikise. Washa taa, simama mbali na mikono yake, mwite kwa jina, mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Wake wengi wamepigwa na mtu aliyekuwa bado usingizini, kisha mume akaongeza aibu ya hilo juu ya yote mengine.

14. Tunaweza kutibiwa pamoja? Na ikiwa ananipiga?

Ipo tiba ya wanandoa iliyotungwa mahsusi kwa PTSD, ya vikao 15, iliyobuniwa na Candice Monson na Steffany Fredman. Hupunguza dalili na kurekebisha mazungumzo ya ndoa kwa wakati mmoja. Haifai pale penye kipigo au vitisho. Hapo usalama wako na wa watoto hutangulia, na kila mmoja husaidiwa peke yake. PTSD huweza kueleza hasira; haimpi mtu ruhusa ya kupiga, na wengi walio nayo hawampigi mtu yeyote.

Watoto waelezwe kwa maneno ya umri wao kwamba baba ana jeraha lisiloonekana, kwamba hawakulisababisha, na kwamba watu wazima wanalishughulikia. Kimya cha nyumba nzima huwafanya wajitungie maelezo yao, na kwa kawaida wanayojitungia ni mabaya kuliko ukweli.

Akitaja kutaka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga, usingoje miadi. Ndani ya Marekani piga 988 kisha bonyeza 1, au tuma ujumbe kwa 838255. Huduma hiyo ni ya usiku na mchana, na ndugu wa veterani wanaweza kupiga pia. Kama kuna bunduki nyumbani, omba ndugu au rafiki aishike kwa muda kulingana na sheria za jimbo, au ifungwe. VA hutoa kufuli za bunduki bila malipo. Tangu Januari 17, 2023, veterani wengi walio katika hatari kubwa ya kujiua wana haki ya kupokelewa na kutibiwa bure katika hospitali yoyote, iwe ya VA au la, hadi siku 30 za kulazwa na siku 90 za matibabu ya nje.

## Siri, malipo na lugha

15. Kamanda atajua? Nitapoteza kibali changu cha usalama?

Kwa aliye bado jeshini, mtaalamu wa kijeshi hapaswi kumtaarifu kamanda kila anapokuja mtu. Hutoa taarifa kwa sababu zilizoorodheshwa, kama hatari kwa maisha yake au ya wengine, madhara kwa kazi maalumu, au kulazwa hospitali, na hata hapo husema kile tu kinachohitajika. Anachoambiwa kasisi au imamu wa jeshi kama siri ya kidini hakitoki. Sheria ya Brandon Act, iliyopitishwa mwaka 2021 na kuanza kutekelezwa mwaka 2023, inamruhusu mwanajeshi kuomba uchunguzi wa afya ya akili kupitia mkubwa wake bila kueleza sababu.

Kuhusu kibali cha usalama, kutafuta tiba peke yake si sababu ya kukinyima, na wachunguzi huweza kukuhesabia kuwa ni dalili ya busara. Kumbukumbu za Vet Center hazipelekwi kwa jeshi wala kwa hospitali za VA bila idhini ya mteja, isipokuwa pale ambapo maisha yako hatarini.

16. Nani analipa?

Aliye kazini na familia yake hulipiwa na bima ya TRICARE. Military OneSource, huduma ya Wizara ya Ulinzi kwa wanajeshi na familia zao, hutoa hadi vikao 12 vya ushauri bila malipo kwa kila tatizo, kwa mambo ya ndoa, malezi na kurudi kutoka vitani, ila si kwa kutibu PTSD yenyewe. Veterani huenda VA au Vet Center.

17. Mama yetu anayemuuguza hajui Kiingereza. Mtoto anaweza kutafsiri?

Asitafsiri. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu hubanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 na zile zilizofuata, na hutakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili na utaje cha wapi: wa Lubumbashi na wa Unguja wanaweza kupotezana katika maneno ya maradhi. Mtoto akitafsiri ndoto za baba yake, atazibeba.

## Hali za pembeni

18. Aliachishwa jeshi kwa sifa mbaya. Milango yote imefungwa?

Si yote. Ofisi ya ukaguzi wa serikali, GAO, ilikuta mwaka 2017 kwamba kati ya wanajeshi 91,764 walioachishwa kwa utovu wa nidhamu kati ya 2011 na 2015, asilimia 62 walikuwa wamegunduliwa ndani ya miaka miwili iliyotangulia kuwa na PTSD, jeraha la ubongo au hali nyingine zinazoweza kuathiri mwenendo. Ripoti nyingine ya ofisi hiyo, ya mwaka 2019, ilionyesha kwamba wanajeshi Weusi walikuwa na uwezekano mkubwa kuliko Wazungu wa kufikishwa mbele ya mahakama za kijeshi. Ukiziweka ripoti hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini nyumba nyingi za Weusi zina veterani anayesema "mimi VA sina changu".

Anaweza kuomba sifa ya kuachishwa kwake ibadilishwe kwa fomu DD 293 ndani ya miaka 15, na baada ya hapo kwa fomu DD 149. Maelekezo ya Wizara ya Ulinzi ya 2014 na 2017 yanazitaka bodi ziyatazame kwa ukarimu maombi yenye PTSD, jeraha la ubongo au ukatili wa kingono ndani yake. Apeleke maelezo ya daktari, barua za waliomjua kabla na baada, na asiende bila msaada wa wakili wa bure wa maveterani. Wakati akingoja, sheria ya 2018 inawaruhusu wengi wa walioachishwa hivyo kupata tiba ya akili VA, hasa waliokuwa vitani, kwa hiyo asikubali jibu la "hapana" la mtu wa dirishani.

19. Alibakwa jeshini na ni mwanamume. Kuna tiba?

Ipo, na VA huitoa bure kwa lolote linalotokana na tukio hilo, hata kama hakuripoti na hana ushahidi wa karatasi. VA huwauliza wagonjwa wake wote. Mwanamume mmoja kati ya 50 hujibu kwamba alipatwa na unyanyasaji wa kingono jeshini. Anaweza kuchagua jinsia ya mtaalamu.

20. Alikuwa na vita vyake kabla ya jeshi.

Mtu aliyetoroka Kivu akiwa mtoto, akakulia kambini, akapelekwa Marekani kama mkimbizi, kisha akajiunga na jeshi, huulizwa na kliniki juu ya Afghanistan peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye cheti chake cha kuachishwa jeshi, DD-214. Yeye naye hujibu anachoulizwa. Amwambie mtaalamu mwanzoni kabisa kwamba kuna ya kabla. Tiba zilizotajwa katika swali la 6 huanza na tukio linalorudi mara nyingi zaidi usiku, na si lazima liwe lile ambalo jeshi linalitambua.

21. Amerudi kuishi Kenya au Tanzania. Haki zake zimeisha?

Hazijaisha, ila zimepungua. VA ina mpango wa matibabu ya nje ya nchi unaolipia tiba ya maradhi yaliyotambuliwa rasmi kuwa yametokana na utumishi wa jeshi, popote veterani alipo. Kwa hiyo akiwa bado Marekani, kabla hajafunga mizigo, ahakikishe kwamba PTSD yake imekwisha kutambuliwa hivyo kwa maandishi. Akifika Nairobi au Dar es Salaam humwona mtaalamu wa hapo, na kwa kawaida hulipa kwanza na kudai baadaye, hivyo atunze stakabadhi zote zenye jina la maradhi, tarehe na gharama. Malipo yake ya kila mwezi ya ulemavu huendelea kumfuata.

Kikwazo kikubwa zaidi huko mara nyingi si fedha. Mtaalamu wa Dar anaweza kuijua familia, lugha na dini yake yote, asijue kamwe jeshi la Marekani linaishije. Safari hii ni mgonjwa atakayelazimika kumfundisha, na ni heri aje na barua ya mtaalamu wake wa zamani inayoeleza ni tiba gani ilianzwa na ilifikia kikao cha ngapi.